Jiwe la Waliozikwa Kwingine

Irja alikuwa amefuta theluji yote juu ya kaburi la baba yake, akaacha nafasi kubwa kando. Nafasi hiyo ilikuwa ya mama. Alifariki majira ya kuchipua akiwa kwa mwanawe Tauno, huko Turku, na neno lake la mwisho kwa simu lilikuwa hilo: nirudisheni kwa mzee wangu. Tauno aliahidi kuleta majivu Krismasi. Yangezikwa ardhi ikilainika. Kwa sasa Irja alikuwa amemwekea mama kiti chake karibu na dirisha.

Gari likafika adhuhuri. Tauno na mkewe Marketta wakateremsha paja la nguruwe, zawadi, hata viatu vya kuteleza kwenye barafu.

"Mama yuko wapi?" Irja akauliza.

"Tuingie kwanza, dada. Baridi inang'ata masikio."

"Nimekuuliza."

Marketta ndiye aliyejibu. "Tulimzika Oktoba, wifi. Pale Turku pazuri, pana miti. Na sisi tuko karibu."

"Hamkuniambia."

"Ungekataa," Tauno alisema. "Na huku nani angemtembelea? Kulungu?"

"Mimi."

"Na wewe ukifa je?"

Irja alitia nyama kwenye oveni, akakirudisha kile kiti mezani.

Saa nane mchana kiza cha majira ya baridi kilikuwa kimeshatanda, nao wakaenda makaburini kama kijiji kizima kinavyofanya mkesha wa Krismasi. Kila kaburi lilikuwa na mwanga wake. Irja alikuja na mishumaa miwili. Mmoja akauwasha kwa baba.

"Na huo mwingine uweke hapo hapo," Tauno alisema. "Mama hatajali."

Irja akauficha ndani ya koti, akaelekea langoni, kwenye jiwe la waliozikwa kwingine. Hapo ndipo wanapowasha wale ambao wafu wao walibaki vitani, au baharini, au nchi za watu. Alipokuwa mdogo, mama alikuwa akimshika mkono wakipita hapo, anamwambia asiwakodolee macho, maskini hawana pa kwenda.

Mzee Eevertti, jirani yake, alikuwa ameinama pale kwa ajili ya kaka yake.

"Wewe huku? Umepotea njia, binti?"

"Sijapotea. Mama yuko Turku."

Mzee alimtazama, kisha akausogeza mshumaa wake kidogo kumpa nafasi.

Tauno alimfuata, mikono mifukoni. "Nipe kiberiti, dada. Niwashe mimi."

"Wewe una kaburi zuri, lina miti. Leo nani amemwashia kule?"

Irja akapiga kiberiti mwenyewe.

Njiti ya kwanza ilizimwa na upepo. Ya pili ikashika. Nje ya lango Marketta alikuwa akiita kwamba waharakishe, nyama itakauka.