Kipande cha Saba

Mtaa mzima ulimjua kwa komamanga. Ukikohoa, unapelekwa kwa Bibi Komamanga, utake usitake. Punje aliwagawia watoto, ganda akalikata vipande saba na kuvianika dirishani. Kila asubuhi kipande kimoja, kichemke mpaka maji yawe mekundu, kisha kijiko cha asali. Ukinywa, ulimi unakauka na uso unajikunja wenyewe. Alikuwa na sharti moja tu: umemaliza cha saba na bado unakohoa, nenda hospitali. Aliwahi kumfukuza seremala aliyerudi kuomba ganda la pili. "Mimi natibu kikohozi," alimwambia, "ubishi sina dawa yake."

Sasa alikuwa anakohoa yeye.

Mkaza mwanawe, fundi cherehani, alimsikia kupitia ukutani kila alfajiri. Mumewe alikuwa safarini na lori, kwa hiyo wasiwasi wote ulikuwa wake peke yake, na ulimkosesha raha. Kila akiuliza, jibu halikubadilika.

"Kikohozi kile kilikwisha, mwanangu, hiki ni kingine. Saba haijafika. Shona nguo za watu."

Naye akaamini. Mama mkwe humkagui kama pindo la suruali.

Siku hiyo alikuwa akimalizia sare za shule, vifungo vikamwishia. Akaingia chumbani kwa mama kuchukua bati la biskuti walimowekea vifungo. Mabati yalikuwa mawili, yamefanana, akafungua lisilo la vifungo. Ndani mlikuwa na vipande vya ganda, vikavu, vitano. Alivitazama asielewe, kisha akaelewa. Mama alikuwa akinywa sita, cha saba anakificha, anapasua komamanga jingine na kuanza kuhesabu upya.

Akatoka navyo uani, akavimwaga kwenye sinia la mchele ambao mama alikuwa akiuchambua.

"Mama, saba imefika mara tano."

Bibi Komamanga hakubisha, na hilo ndilo lililomtisha fundi zaidi. Aliendelea kutoa chuya moja moja.

"Baba yenu alikinywa cha saba," alisema mwishowe. "Nikamfungia nguo, nikampeleka mwenyewe, anatembea kwa miguu yake. Hakurudi. Kila niliyemtuma kule baada yake, nililala nikijiambia nimemuua. Na wamerudi wote. Yule seremala karudi kanenepa kabisa. Najua, mwanangu. Ila naogopa."

Fundi alikuwa amekuja na maneno makali, yamejaa tele. Akayameza. Alimpenda mno mwanamke huyu hata asitake kumshinda kwa maneno.

"Hata mimi naogopa," alisema. "Inuka, mama. Tukaogope wote."

Hospitalini walikaa kwenye benchi mpaka mchana. Zamu yao ilipofika, muuguzi aliuliza huku macho yakiwa kwenye karatasi, "Mama, unakohoa tangu lini?"

Fundi alimgeukia mama. Alimjua mama mkwe wake: sita ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Alitamani kumjibia, akajizuia kwa nguvu zake zote.

Bibi Komamanga alikohoa kwanza, kirefu, bila kujifunika kwa mtandio kama alivyozoea. Akafuta machozi.

"Siku thelathini," alisema. "Andika thelathini."