Mvumu Uliovishwa Nailoni

Mvumu, mti wa nguo za magome, ulisimama uchi mbele ya nyumba, utomvu ukiuchuruzika, na gome lake limekunjwa chini kama shuka. Mzee Protasi hakuliangalia gome. Aliangalia mahali palipokuwa na shamba lake la migomba. Mnyauko ulikuwa umepita Kanazi nzima, migomba ikang'olewa na kufukiwa, na kijiji kikapiga marufuku kuingiza hata jani moja kutoka kwingine.

"Sasa tutaufunika na nini?" aliuliza.

Mvumu hauna makuu. Ukiuchuna kwa adabu, ukauviringishia majani mabichi ya mgomba kabla jua halijakaza, unaota ngozi mpya, na baadaye unakupa nguo nyingine. Ndivyo baba yake alivyouvua na kuuvika, ndivyo na yeye. Mivumu mingine yote ya kilima kile ilikwisha kuwa mkaa.

"Nimekuja na nailoni," alisema bintiye Adelfina, mbunifu wa mavazi huko Mwanza. "Inashika unyevu kuliko jani."

"Jani linapumua."

"Baba, maonyesho ya mavazi hayanisubiri. Wakilipenda gauni la gome hili, nitafungua karakana hapa hapa. Nitarudi nyumbani."

Neno hilo la mwisho ndilo lililommaliza mzee. Mtoto akisema anarudi, mzazi gani atamfungia mlango kwa sababu ya majani? Wakauviringishia mti nailoni nyeusi, wakaikaza kwa kamba za katani.

Kisha nyundo ya mti ikaanza kulia uani. Gome lilitanuka chini ya mapigo, likalainika, likaiva kwa jua hadi likawa jekundu la udongo. Adelfina alilishona kwa mkono, akiimba. Na tuseme ukweli, gauni lilipendeza. Mjini watu walilipapasa wakasifu vazi lisiloidhuru dunia, na mwenye duka mmoja akataka mengine, mengi kadiri Adelfina atakavyoweza kushona.

Adelfina alirudi Kanazi miguu haigusi chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Mzee hakuuliza habari za safari. Alimwongoza hadi kwenye mvumu, akakata kamba. Harufu ndiyo iliyotangulia, ya kitu kilichochemka kikachacha. Shina lilikuwa jeusi, linateleza, na kidole cha mzee kilizama ndani bila kusukumwa. Huko juu hakukuwa na jani hata moja.

Adelfina alilia waziwazi, kama mtoto aliyevunja chungu cha watu.

"Ulijua?" aliuliza mwishowe.

"Nilijua."

"Mbona hukunikataza?"

"Ulisema utarudi."

Adelfina alijifuta uso kwa kiganja. Mvumu hupandwa kwa tawi, alikumbuka. Tawi moja bichi likichomekwa ardhini wakati wa mvua hushika. "Tupande mwingine, baba. Hata ukichukua miaka."

Protasi alivuta tawi la chini akalivunja. Lilikatika kavu. Akamwachia nafasi, akaketi kwenye jiwe.

Adelfina akavunja jingine, akachungulia ndani kutafuta ukijani. Akalitupa. Akavunja jingine, na jingine, akipanda juu zaidi kila mara, mpaka Scholastika, mama yake, akatoka jikoni, akatandaza kanga chini ya mti, akaanza kuyaokota matawi yawe kuni. Maharage yalikuwa bado hayajaiva.