Goti Kabla ya Kuanguka

Mke wangu alipoanguka mlangoni mwa bafu, niliwaambia wote waliokuja kutupa pole kwamba alikuwa akipigana na bata bukini mkubwa kama ndama. Nesi wa mapokezi alicheka mpaka akakosea umri wa bibie, akampunguzia miaka kumi, na bibie mwenyewe akakataza usisahihishwe. Ukweli ni kwamba mguu ulimkatalia tu. Sakafu ilikuwa kavu.

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa paja umevunjika juu kidogo ya goti la bandia alilowekewa miaka tisa iliyopita. Daktari wa mifupa, mwanamke mfupi asiye na haraka, alikaa ukingoni mwa kitanda akatufafanulia. Kama goti lile bado limeshikamana vizuri na mfupa, ataunga kwa bamba la chuma na skrubu. Kama lilishaanza kulegea, bamba litakuwa kazi bure. Itabidi alitoe, aweke jingine lenye shina refu la kuingia ndani ya mfupa. Picha ilikuwa haijampa jibu la kumtosha. Basi akamuuliza mgonjwa kama goti lilikuwa likimsumbua kabla ya kuanguka.

"Hata kidogo, mwanangu," alisema bibie. "Lilikuwa zima kama la msichana."

Sasa, katika nyumba yetu uongo ni kazi yangu, na sijawahi kuomba msaidizi. Miaka arobaini na miwili mimi natia chumvi, yeye anapunguza. Lakini kwa miezi mitano nilikuwa nikimwona, akidhani nimezama kwenye redio, akipita ukumbini huku kiganja kimeegemea ukuta. Rangi imeshachafuka mstari mzima, kutoka chumbani hadi jikoni. Yeye alinyamaza, nami nikanyamaza.

Nikamwambia daktari. Habari za bata zilikwishamfikia.

"Mzee, hii nayo ni hadithi?"

"Hii ningeitunga mimi, daktari, ingekuwa tamu zaidi."

Bibie akageukia ukutani. Nilikuwa nimemuumbua mbele ya mtu, na hilo nililijua. Nikamshika kidole gumba, kwa kuwa sehemu nyingine yote ya mkono ilikuwa mipira ya dripu na plasta. Hakukivuta.

"Linauma tangu mvua zilizopita," alisema mwishowe, bado kaupa ukuta uso. "Nikianza kusimama ndiyo balaa. Nilijua nikisema, huyu atarudi kukaa kwenye kiti cha wodi. Mara ile ya goti la kwanza alikaa siku kumi na moja, akachekesha wagonjwa wote, halafu akawa anakwenda chooni kulia. Anafikiri sikusikia."

Daktari akaandika, akauliza mengine mawili matatu, akabadilisha mpango palepale.

Upasuaji ulichukua saa nne. Daktari alitoka akasema goti la zamani lilichomoka kama kizibo cha chupa. Bamba lisingemfikisha popote.

Siku ya tatu mtaalamu wa mazoezi akamsimamisha na fremu ya kutembelea. Hatua nne, akasimama, jasho likimtoka.

"Linauma," aliniambia.

"Wapi?"

Akaanza kunieleza kuanzia nyonga, akateremka polepole, na alipofika kifundoni akakumbuka ameruka kitu fulani pajani, akarudi juu. Nikazima redio ya jirani wa kitanda, nikasikiliza.