Meno ya Mpapai

Asubuhi moja ya mwaka sabini na mbili, Mwaija alikaa kwenye kiti cha mganga wa meno mjini Bagamoyo, akitema damu katika beseni la bati. Mganga, Mwishehe, alikuwa mtu mpole, na mwaka huo alikuwa ameshika kazi ya kuwaachisha wagonjwa wake tumbaku. Wanawake wengi waliitia katika tambuu, ufizi ukaoza. Alipoona ufizi wa Mwaija umevimba upande wa kushoto na jino limekatika, hakutafuta sababu nyingine.

"Unabwia tangu lini, dada yangu?"

"Sibwii tumbaku, mganga."

"Wote husema hivyo." Akampa karafuu. "Hamu ikikushika, tafuna hizi."

Mwaija akashukuru. Mumewe, Mrisho, alikuwa amekaa barazani akimsubiri, na mlango ulikuwa wazi.

Jino alirudi nalo Makurunge, akalifukia chini ya mipapai ya uani pamoja na yale mengine, kwani kitu kilichotoka mwilini hakitupwi ovyo. Mapapai yalipoiva, ndani hamkuwa na mbegu. Mlikuwa na meno, safu mbili, juu ya ufizi mwekundu. Mwaija aliyakwangua kwa kijiko, akawakatia watoto vipande. Yalikuwa matamu.

Jirani yake, Bimdogo, alikuja kuomba moja, akalipasua na kulitazama.

"Shoga, haya yako. Mwanya huu naujua."

"Yangu."

"Basi nitalikwangua vizuri, tusije tukalana."

Wakacheka kidogo. Bimdogo hakuuliza meno yalitokaje. Ukuta wa nyumba zao ulikuwa mmoja, na masikio alikuwa nayo.

Siku chai ilipoletwa imepoa, Mrisho alimburuta Mwaija kwa nywele hadi uani, akampiga ngumi mpaka akaacha kuinua mikono. Kisha akasikia kiu. Akanyoosha mkono wa kulia kwenye papai lililopasukia mtini, na papai likajifunga. Vidole vitatu vilibaki humo. Mwaija, akiwa bado chini, alisikia mifupa ikisagwa taratibu, kama mtu anayekula bila haraka.

Bwana shamba aliletwa. Akachanja shina, akanusa ute uliotoka.

"Ni bakteria. Huingilia penye kidonda. Nani alifukia meno hapa?"

"Mimi," akasema Mwaija.

"Basi ugonjwa umeuleta wewe, mama. Kateni mipapai yote, chomeni, na panga lipitisheni motoni."

Wanaume wa kijiji wakaikata mipapai. Ilitoa damu nyingi, na mapapai yaliuma mapanga hadi yalipoteketea. Jioni wakamchinjia Mrisho kuku, wakampa pole.

Mwezi uliofuata Mwaija alikuwa tena kwenye kiti. Mwishehe aliingiza kioo chake kinywani, akaridhika.

"Kushoto kumepona kabisa. Umeona faida ya kuacha?"

Kisha akakigeuza kioo. Upande wa kulia meno mawili yalikuwa yamekatika, na la tatu lilining'inia.

Mwaija alitazama mlangoni. Barazani, Mrisho alikuwa akisalimiana na wapita njia kwa mkono wa kushoto, na kila mmoja aliupokea kwa mikono miwili.

"Nimeelewa," Mwishehe akasema kwa upole, akichukua koleo. "Siku hizi unabwia upande huu."