Fundi Auliza Habari za Mshono

Kwa miaka minne mizima fundi cherehani alikuwa na siri moja. Kila Jumamosi binti yake akienda kuoga, yeye huinyakua sare yake ya shule, akafumua ubavuni, akaachia kitambaa kilichokunjwa ndani, akashona upya, akapiga pasi na kuirudisha msumarini. Nusu inchi huku, robo inchi kule. Binti alinenepa, sare ikanenepa naye, na hakuna aliyeumia moyo. Fundi alijiona mjanja kuliko sungura.

Binti mwenyewe, kitindamimba wa nyumba hiyo, alianza kujitetea kama yuko mahakamani tangu ana miaka mitano. Siku moja alivunja kikombe, akadai kwamba kosa ni la aliyekiweka ukingoni. Akaachiwa, na jina la Wakili likamganda kama gundi.

Alipotimiza miaka kumi na minane na kumaliza shule, aliwaketisha baba na mama sebuleni Jumapili mchana, akafungua faili.

"Nina hoja tano," alisema. "Naomba nisikatizwe."

Hoja ya kwanza ilikuwa sukari, ambayo imeshapanda. Ya pili, magoti, yanayolia kama mlango mkavu. Ya tatu, usingizi, kwa kuwa pumzi hukatika akilala. Kwa hiyo daktari amependekeza apasuliwe, tumbo la chakula lipunguzwe.

Mama akashika kifua. "Likatwe? Tumbo zima, halina kidonda? Kwani chakula changu kimekukosea nini?"

"Hakijanikosea kitu, Mama. Shida ndiyo hiyo."

"Mbona ndugu zako wamekula chungu hicho hicho na ni wembamba kama sindano?"

"Ndiyo hoja yangu ya nne. Ingekuwa chungu, tungenenepa wote. Ni mwili wangu ulivyo."

Fundi akakohoa. "Mwanangu, si upunguze kula tu?"

Wakili akamsukumia barua ya mtaalamu wa lishe. Miaka miwili ya kupima kila kijiko, kutembea kila asubuhi, kupungua kilo sita na kurudisha nane. Fundi aliisoma mara mbili. Hakuwa amejua kwamba zile asubuhi alizodhani binti anakwenda kwa rafiki, alikuwa anazunguka uwanja peke yake.

"Hoja ya tano inakuhusu wewe, Baba. Acha kupanua nguo zangu kisirisiri. Sare ya kijani umeishona kwa uzi wa bluu."

Fundi akatazama dari. Mama akamtazama fundi. Kesi ikaishia hapo.

Wiki iliyofuata walikwenda hospitali wote watatu. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye vidole vyembamba, na fundi alivipenda vidole hivyo kabla hajampenda mwenyewe. Daktari akachora tumbo kwenye karatasi, akapitisha mstari.

"Hapa tunakata. Robo tatu na zaidi inatoka, linabaki kama mkono wa shati."

Fundi akavuta kiti. Sasa wameingia kwenye fani yake.

"Mnaacha akiba kiasi gani?"

"Akiba ya nini, mzee wangu?"

"Ya kitambaa. Siku mkitaka kupanua."

"Hatupanui. Kilichokatwa hakirudi."

"Ala! Na mshono? Mnapiga mara moja au mara mbili?"

"Tunatumia kifaa kinachobana kwa pini ndogo, safu kwa safu."

Fundi akamgeukia mkewe kama aliyetukanwa. "Pini! Mimi pini nashikizia tu, kisha nashona. Mteja nikimwachia pini si atanishtaki?"

"Zako ni za kutoka, mzee. Zangu ni za kukaa," daktari akajibu bila kucheka, ingawa aliuma ncha ya kalamu.

Wakili alikuwa amejifunika uso kwa faili. Lakini daktari alimwambia afunue, kwa sababu yaliyobaki yalikuwa yake. Upasuaji si muujiza. Atakula kidogo maisha yake yote, atameza vitamini kila siku, atarudi kupimwa, na kuna siku atalia. Na kabla ya siku yenyewe, wiki mbili za uji mwepesi, supu na maziwa tu.

"Niko tayari," alisema Wakili.

"Nitakunywa naye," alisema fundi, kwa ile sauti ya mtu ambaye hajawahi kukosa chakula cha mchana.

Siku ya kwanza alijisifu. Siku ya pili alinyamaza. Siku ya tatu alimshonea mwalimu mkuu suruali yenye zipu nyuma. Siku ya nne mkewe alimkuta chini ya meza ya kupigia pasi na yai la kuchemsha, nusu mkononi na nusu shavuni.

"Nimeangusha sindano," alisema, kiini cha yai kidevuni.

Wakili alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akamsamehe, akamruhusu kula, ila mbali na pua yake. Yeye akamaliza wiki zote mbili bila kuiba hata punje.

Siku ya upasuaji, fundi na mkewe walikaa kwenye benchi la ukumbini. Mama aliomba. Fundi alijaribu kuomba, lakini vidole havikutulia. Vilipata uzi uliochomoza begani kwenye shati lake, vikauvuta. Vikauvuta tena. Daktari alipotoka, alimkuta mzee kavaa shati la mkono mmoja, mkono wa pili kaupakata kama mtoto mchanga.

"Imekwenda salama," alisema daktari.

"Mshono?"

"Tumeujaribu. Haukuvuja hata tone."

Fundi alitaka kumpongeza kifundi, lakini machozi yalimtangulia. Aliyafuta kwa ule mkono wa shati, na angalau ukapata kazi.

Miezi ya kwanza haikuwa lelemama. Wakili alitapika alipokula haraka. Nywele zilimpukutika. Siku moja alilia jikoni kwa sababu alitamani chakula na hakikuingia, na Mama, aliyezoea kumfuta mtu machozi kwa sahani, hakujua ashike nini. Mwisho alimshika yeye. Walikaa hivyo mpaka chungu kikaungua.

Lakini sukari ilishuka, usingizi ukatulia, na mwaka ulipotimia walikwenda kliniki ghorofa ya nne siku lifti imeharibika. Wakili alipanda ngazi akipiga soga na Mama. Juu, wakageuka. Fundi hakuwepo. Walimsikia kabla hawajamwona, akihema kama pasi ya mvuke.

Daktari alipitia majibu ya Wakili, akatabasamu. Kisha akamtazama baba mtu, aliyekuwa ameng'ang'ania fremu ya mlango.

"Mzee wangu, presha ulipima lini?"

"Mimi ni msindikizaji tu, daktari."

"Panda mzani."

"Nimevaa viatu vizito..."

"Vua, Baba," alisema Wakili, huku ameshavuta karatasi tupu na kuandika juu yake: Hoja ya kwanza.

Fundi akavua viatu, akavua na mkanda, akaweka mezani funguo na mkasi wa mfukoni. Akapanda, akafumba macho.