Lozi ya Krismasi

Usiku wa jana niliota meza ya Krismasi imeanzia jikoni kwangu Machame ikaishia Uswidi. Nikakaa katikati. Mguu mmoja ulikuwa kwenye majivu, mwingine kwenye theluji.

Mwenyekiti ni beberu wangu, niliyepanga kumchinja asubuhi. Amevaa tai ya marehemu mume wangu, na imemkaa vizuri zaidi.

Kushoto kwangu yuko samaki wa Poland, ndani ya beseni.

"Kwetu nakaa bafuni siku mbili ndipo niliwe," ananiambia. "Na kile kiti kitupu ni cha mgeni asiyealikwa. Toa mkoba wako hapo."

Natoa mkoba.

Kuku wa kukaanga wa Japani amezuiwa mlangoni. Kwao kuku wa Krismasi huagizwa mapema, naye hakuweka oda.

Sufuria la uji wa wali kutoka Uswidi linapanda mezani. "Humu mna lozi moja. Atakayeipata atafunga ndoa kabla ya mwaka kwisha."

"Mwaka upi?"

"Huu. Zimebaki siku sita."

Nachota kijiko. Kitu kigumu. Nakisukuma shavuni, naendelea kumeza kwa adabu. Huu ni mwaka wangu wa kumi na nne wa ujane. Kitanda changu nalala katikati, na sisogei.

Anaingia jirani yangu Mzee Ndekirwa, anayeniposa kila Krismasi, na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Anakaa kwenye kiti kitupu.

"Bibi Aikande, fungua mdomo," linasema sufuria.

Nafungua. "Meno yangu hayo."

"Nalala naye nyumba moja," anasema beberu. "Ana manne."

Samaki anachungulia, anahesabu. "Matano."

Mzee Ndekirwa anafunga vifungo vya koti.

Nikaamka. Kengele ya kanisa inalia, na mlangoni kasimama yeye mwenyewe na kata yake.

"Heri ya Krismasi, Bibi Aikande. Mwaka huu je?"

Nikapitisha ulimi kwenye meno. Matano.

Nikapokea kata, nikageuka kukohoa kidogo, nikamrudishia.

"Aliyeleta ndiye huonja kwanza, baba. Au desturi umeiacha kwako?"

Akanywa. Akasita. Akatafuna.

"Mbege ina mfupa?"

"Meza tu. Halafu upite kwa Mkunde kule chini, naye ni mjane. Una siku sita."

Nikaenda kunoa kisu. Beberu anayejua hesabu ya meno yangu hafai kuuona mwaka mpya.