Mkono wa Kulia wa Mwalimu Wenceslaus

…basi na kiwe kidogo, kiwe cha kitoto, kilie kama chura aliyebanwa na mlango, akisikie mume wangu kutwa kucha mpaka akome, aliwaza Petronila, kidole chake kimesimama juu ya kitufe cheupe cha kinanda asikibonyeze, na ng'ambo ya meza ya kioo iliyosheheni chaja na redio Mustapha mwenye duka alikuwa hajanyamaza tangu amkaribishe, "Hiki nesi hakina makuu, kinakula betri, na waya wake upo, kwenu Salale si mnatumia sola, ukichomeka tu kinaimba, bei yake haikutoi jasho, ila hicho kirefu nacho ni mtumba wa Dubai, kitu kamili hicho, cha kujifunzia mpaka ukaiva," na simu iliyolazwa juu ya kioo, spika ikiwa wazi, nayo ikakohoa, kikohozi cha mumewe kikisafiri kutoka huko mikokoni hadi hapa Kibiti, "Mama Eyieth… kiyefu… chukua kiyefu," maana ulimi wake haushiki tena r wala l tangu apatwe na kiharusi, mwalimu Wenceslaus huyo, aliyekuwa akiisimamisha kwaya nzima kwa sababu mtu mmoja ametamka neno kwa uvivu… "Nakusikia, Baba Elieth," alijibu, na sauti ilitoka laini, sauti ya zahanati, ile ile anayotumia kuwaambia wajawazito wapumue, na chini ya sauti hiyo kitu kilikuwa kinajigeuza kama kambare kwenye ndoo, kirefu, eti kirefu, na kwa nini kirefu, kwa sababu watakaa watu wawili, ndivyo alivyopanga mwenyewe pale kitandani bila kumuuliza mtu, mimi nitapiga kwa kushoto, wewe utakuwa mkono wangu wa kulia, hakusema utajifunza, hakusema nitakufundisha, utakuwa mkono wangu, kama mtu anavyosema nipe hicho kijiko, na Petronila wakati anaambiwa hayo alikuwa ameushika mkono wenyewe, huo wa kulia uliokufa, anaunyoosha kidole kimoja kimoja kama afanyavyo kila asubuhi, gumba, cha shahada, cha kati, akikiachia kinajikunja tena kama jani la kifaurongo, akaurudisha mkono juu ya shuka taratibu kama unesi unavyotaka, akaenda nje kufua… na vidole hivyo hivyo ndivyo vilivyomshika kifundo cha mkono, miaka ile Elieth bado ananyonya, mle kanisani, kigango kidogo cha mabati walichojijengea walimu na manesi waliopangiwa kazi delta kutoka bara, mazoezi yamekwisha, watu wanatafuta kandambili zao mlangoni, yeye akaketi kwenye kinanda akagusa do, re, mi, hizo tu, kama mtu anayeonja mchuzi, na Wenceslaus akaja akaunyanyua mkono wake juu akauonyesha watu, "Hebu tazameni vidole hivi, hivi ni vya kupepetea mchele, hivi," wakacheka, sauti ya pili wakacheka na besi wakacheka, hata Elinipendo shoga yake alicheka akijifichia kwenye kanga, na Petronila mwenyewe alicheka, hilo ndilo lisilomtoka, si maneno, maneno yangekwishaoza, ni kwamba na yeye alicheka, akarudi nyumbani akapepeta mchele…

"Jaribu nesi, kubonyeza si kununua," Mustapha alisema, akawasha kile kidogo, taa nyekundu ikaamka, na Petronila akatazama vitufe vyake vyembamba, mbona anavijua, mbona kama amewahi kulala navyo, halafu akakumbuka boksi, maana alijifunza hata hivyo, nani angemkataza asichokijua, alikata boksi la sindano pale zahanati akachora vitufe kwa kalamu nene, vyeupe akaviacha, vyeusi akavijaza, akawa analificha nyuma ya kabati la dawa, na mchana maji yakipwa, boti zikikaa kwenye tope na wagonjwa wa visiwani hawana namna ya kufika, analitoa, anapiga sauti ya pili ya nyimbo zote za Jumapili, anaimba kwa pumzi, so, so, la, so, vidole vinakwenda na boksi linanyamaza, na siku moja Mwanaharusi, mhudumu mwenzake, alimkuta, "Nesi, wahesabu nini hapo?" "Nahesabu vituko vya mume wangu," "Basi boksi hilo halitoshi, lete jingine," wakacheka wote wawili, na kicheko hicho kilikuwa chake… akabonyeza. So. Kikalia. Akabonyeza tena, na mkono ukaondoka wenyewe, so, la, so, fa, ukashuka, ukapanda, sauti ya pili ya wimbo wa Utukufu, ile aliyoipiga juu ya karatasi ngumu mpaka wino ukafutika akauchora upya, na kila kidole kikatua pale pale kilipokusudia, kilikuwa kinalia kweli kama chura, kimebana pua, kina kelele ya bati, lakini kilikuwa kinalia, Mungu wangu, miaka yote ile ilikuwa na sauti kumbe, alihisi shingo yake inapata joto na macho yanataka kumwaibisha mbele ya mfanyabiashara wa watu, na Mustapha akapiga mkono mezani, "Kumbe fundi!" na simu ikauliza, taratibu, kwa mshangao ambao Petronila hakuwahi kuusikia kinywani mwa mtu yule, "Nani… nani huyo anapiga?"

Mustapha alifungua mdomo, na Petronila akamkazia macho, yale macho ya kumnyamazisha mgonjwa mwenye fujo, mdomo ukafungwa. "Mteja," alisema. "Kuna mteja hapa anajaribu." Mtandao ukakwaruza, halafu, "Mwambie… kidoye cha nne… kivivu… anyanyue kiwiko," na alikinyanyua, bila kufikiri alikinyanyua kiwiko, akapiga tena ile mistari, na ni kweli, kidole cha nne kikapata nguvu, sauti ikanyooka, "Ehe… sasa ndiyo," ilisema simu, na kicheko kikamjia Petronila kooni kikiwa kichungu kama shubiri, hili ndilo somo lake la kwanza, ameolewa na mwalimu wa muziki, amemzalia, amemlisha, na somo la kwanza analipata kwa sababu amedhaniwa mtu mwingine, mteja, labda mwanamume, labda kijana wa parokiani mwenye shati la mikono mirefu, mteja anaambiwa anyanyue kiwiko, mke anaambiwa kapepete mchele… "Na mwambie ajayibu kiyefu, nikisikie," na Mustapha tayari alishakiwasha, akakisogeza, kipana, kizito, vitufe vyake vinene vimetulia kama meno ya mtu mzima, akaweka mkono ule ule, wimbo ule ule, na vidole vikaanguka hovyo, kimoja katikati ya viwili, kingine juu ya cheusi, boksi lilikuwa jembamba, ndiyo maana, aliuchora ulimwengu ukubwa wa boksi la sindano na mkono wake umekulia humo, vidole vitatu vikashuka kwa pamoja pasipo pake na kinanda kikapiga yowe…

na yowe hilo analijua, Jumapili ile, kabla ya watu kupeleka vipaji altareni, Wenceslaus yuko kwenye kinanda amewapa mgongo, na ghafla mkono wa kulia ukaanguka wote juu ya vitufe kama mzigo ulioteleza kichwani, kelele moja ndefu, watu wakadhani ni mbwembwe, kuna aliyepiga vigelegele, na yeye kutoka benchi la sauti ya pili akajua, akaruka madaftari na magoti ya watu, akamdaka kabla hajafika sakafuni, akamlaza kwa ubavu, na kwenye boti mpaka ng'ambo alimshikilia kichwa mapajani, mate yanamlowesha sketi ya kwaya, akimwambia pumua baba, pumua, na hakuwa na uchungu naye hata chembe siku ile, uchungu ulirudi baadaye, ulirudi alipopata nafuu, aliporudi kuwa yeye… na kinanda cha kigango wakakibeba wakakirudisha parokiani, mwenyekiti wa kwaya, mzee Nicolaus, akasema kitaliwa na chumvi bure, hakuna wa kukipiga, alisimama mlangoni kwake akiyasema hayo, akimtazama Petronila usoni, hakuna wa kukipiga, na Petronila akamkaribisha chai…

"Huyo hajui kitu," ilisema simu. "Mwambie aache," na Mustapha akainamisha kichwa kwa huruma, akanong'ona, "Usijali nesi, hiki kidogo umekiweza, kichukue hiki, mkono ushakizoea," na kweli, kingefungwa sasa hivi, wimbo uko tayari, jioni hii hii angepiga Utukufu wote pale mbele ya kitanda na kumwangalia uso, angeiona ile sura, ungekuwa utamu wa namna gani, lakini baada ya utamu huo nini, ataishi ndani ya boksi lile lile lililopewa betri, akipiga sauti ya pili peke yake, sauti ya kumsindikiza mtu ambaye hayupo… na kile kirefu kitamfanya mjinga, atakosea, atakosea kwa sauti, nyumba nzima isikie, majirani wasikie, na yeye pale kitandani atasema kivivu, atasema hajui kitu, aseme, kukosea kwa sauti hakukuwahi kumuua mtu, kucheka pamoja nao ndiko kulikotaka kumuua… halafu akautazama mkono wake wa kushoto, ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa meza muda wote kama abiria mgeni, kwenye boksi haukuwahi kupata nafasi, haukuwahi kufunzwa kitu, haujui do, wala Petronila hakumwahidi mtu nafasi yake, mimi nitapiga kwa kushoto, alisema yule, kana kwamba Petronila alizaliwa na mmoja… ataketi yeye katikati ya benchi la kinanda, na mikono yote miwili. Si pembeni, katikati. Labda siku moja atamwambia sogea baba, njoo ukae. Labda. Si mwaka huu, na wazo hilo lilikuwa la kikatili, alilijua kuwa la kikatili, aliligeuza akalitazama kama anavyotazama kidonda, akaliacha lilivyo.

"Sasa nesi, nikufungie kipi?" Mustapha alikuwa ameshika kamba. "Mama Eyieth," ilisema simu, "upo? Kiyefu?"

"Kirefu," alisema Petronila, na upande wa pili akasikia pumzi ikishuka, pumzi ndefu ya mtu aliyetiiwa, na alikuwa na jibu la kuikata pumzi ile katikati, lilikuwa pale pale mdomoni, akalimeza, acha aridhike, akaubandua mkono wa kushoto kutoka ukingoni mwa meza na kuulaza juu ya vitufe ambavyo haukujua hata kimoja jina lake.